Kiziwi Aliyeongoza Tamasha la Hisani



Wapendwa taifa la Mungu, kwaya za parokia zetu zina desturi njema ya kuimba kwa ajili ya harambee: leo paa la kigango, kesho karo ya mseminari, keshokutwa vitanda vya zahanati. Lakini ni mara chache kusikia kwamba kwaya imeimba kwa ajili ya masikio. Huenda jambo lenyewe laonekana kama kichekesho, kwani mtu asiyesikia atafaidi nini na wimbo? Juma hili napenda tulitafakari swali hilo kwa msaada wa historia. Twende mpaka mji wa Vienna, nchini Austria, tarehe 8 Desemba 1813.

Mwaka ule Ulaya ilikuwa imechoshwa na vita vya Napoleon. Tarehe 30 na 31 Oktoba majeshi ya Austria na Bavaria yalipigana na Wafaransa karibu na mji wa Hanau, huko Ujerumani, na askari wengi wakabaki na majeraha mabaya. Ndipo watu wawili wa Vienna wakaamua kuandaa tamasha la muziki, mapato yake yawaendee majeruhi hao. Wa kwanza alikuwa fundi mashuhuri wa mitambo, Johann Nepomuk Maelzel. Wa pili alikuwa mtunzi Ludwig van Beethoven, ambaye kusikia kwake kulikuwa kumeharibika sana.

Beethoven alibatizwa katika Kanisa Katoliki mjini Bonn tarehe 17 Desemba 1770. Alipokaribia umri wa miaka thelathini alianza kupoteza usikivu. Mwaka 1801 alimfungulia moyo rafiki yake wa utotoni, Franz Wegeler, aliyekuwa daktari. Mwaka uliofuata, akiwa katika kijiji cha Heiligenstadt nje ya Vienna, aliwaandikia ndugu zake barua ndefu ya tarehe 6 Oktoba 1802. Humo alieleza aibu yake: angewezaje yeye, mwanamuziki, kuwaomba watu wapaze sauti kwa kuwa hasikii? Alieleza jinsi mwenzake alivyosikia filimbi kwa mbali, au mchungaji akiimba, naye asisikie kitu. Alikiri kwamba alikaribia kukata tamaa ya kuishi, ila sanaa yake ilimzuia. Barua hiyo ilipatikana katika karatasi zake baada ya kufa kwake. Alikuwa ameubeba msalaba huo kwa siri miaka mingi, huku watu wengi wakimdhania kuwa mtu mkali asiyependa wenzake.

Wapendwa, tusipite hapa haraka. Ni wangapi katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tunawaita wakaidi au wenye majivuno, kumbe hawasikii tu? Bibi anayekaa kimya wakati wa kushirikishana Neno, mtoto anayechapwa darasani kwa sababu hajibu akiitwa: je, kuna aliyewahi kuuliza habari za masikio yao?

Maelzel aliuliza. Katika miaka hiyohiyo alimtengenezea Beethoven mirija ya shaba ya kusikilizia, ambayo mdomo wake mwembamba huwekwa sikioni na ule mpana hukusanya sauti. Mirija hiyo imehifadhiwa hadi leo katika nyumba alimozaliwa Beethoven mjini Bonn. Haikumponya, lakini ilikuwa ishara kwamba kuna mtu aliyeutambua ulemavu wake bila kumcheka.

Tamasha lilifanyika katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Vienna. Beethoven alileta simfonia yake ya saba, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia hadharani, pamoja na kipande cha kishindo cha kusherehekea ushindi wa Wellington katika mapigano ya Vitoria. Wanamuziki wakubwa wa mji walijitolea. Ignaz Schuppanzigh aliongoza fidla za kwanza. Antonio Salieri, mkuu wa muziki wa ikulu ya Kaisari, alikubali kusimama pembeni kuwapigia mapigo wapiga ngoma na milio ya mizinga. Johann Nepomuk Hummel, mpiga piano mwenye sifa, alipewa ngoma kubwa. Beethoven mwenyewe aliongoza okestra. Louis Spohr, aliyekuwa mmoja wa wapiga fidla, alisimulia baadaye jinsi kiongozi wao alivyojikunyata karibu na sakafu sauti zilipopaswa kushuka, na kuruka juu zilipopaswa kupanda, na jinsi alivyopotea mahali fulani kwa kuwa hakuzisikia sauti za chini. Wapigaji hawakumwacha. Waliendelea kwa umoja mpaka alipowakuta tena.

Watu walifurahi mno, hata sehemu ya pili ya simfonia ikabidi irudiwe. Siku nne baadaye tamasha zima lilirudiwa, na baada ya gharama kutolewa zilipatikana zaidi ya gulden 4,000 kwa ajili ya majeruhi. Beethoven aliandika barua ya shukrani kwa wote walioshiriki. Alisema humo kwamba yeye alipewa uongozi kwa sababu tu muziki ulikuwa wake. Ungekuwa wa mtu mwingine, angekubali kwa furaha kupiga ngoma kubwa kama Hummel.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Siku ile mlemavu hakuwekwa mbele ili aonewe huruma na kuchangiwa. Yeye ndiye aliyewachangia wengine. Mara nyingi tunapoandaa hisani tunawapanga viziwi katika benchi la wapokeaji, tunawapiga picha, tunawakabidhi zawadi, kisha tunarudi nyumbani tukijisikia wema. Hilo ni pungufu.

Historia hainyamazii na upande wa pili. Mwaka 1814 Beethoven na Maelzel waligombana vikali kuhusu nani mwenye haki juu ya kile kipande cha ushindi, wakafikishana mahakamani, na shauri likamalizika kwa maelewano mwaka 1817. Walikuwa wamesaidia majeruhi kwa moyo mmoja, lakini makubaliano yao wenyewe hayakuwa wazi. Kamati nyingi za harambee zimevunjika kwa sababu hiyohiyo.

Je, haja ya masikio ipo kweli leo? Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 yasema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Kwa watoto, karibu asilimia 60 ya upungufu huo hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika: usaha wa masikio usiotibiwa, surua, matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, matatizo wakati wa kuzaliwa. Hapa Tanzania Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto. Njia imefunguliwa, lakini vifaa ni ghali, na wengi wako mbali na mtaalamu.

Basi kama kwaya yoyote itapenda kuimba kwa ajili hiyo, labda karibu na tarehe 3 Machi ambayo ni Siku ya Kusikia Duniani, naomba mambo manne. Kwanza, itajwe mapema fedha ni za nini hasa: kupima watoto wa shule, dawa za masikio, au vifaa kwa watu kadhaa wanaojulikana. Pili, viziwi wawemo katika kamati tangu kikao cha kwanza, na mkalimani wa lugha ya alama asimame mahali panapoonekana. Tatu, makubaliano yaandikwe, na hesabu isomwe kanisani mbele ya waamini wote. Nne, spika zipunguzwe! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka sauti kumbini isizidi wastani wa desibeli 100 katika kila dakika 15. Itakuwa aibu kuharibu masikio ya watoto kwa tamasha la kuokoa masikio.

Katika Injili ya Marko, sura ya saba, kiziwi hakuja kwa Yesu peke yake. Wako watu waliomleta. Bwana alimtenga na makutano, akamgusa masikio na ulimi, akasema Efatha. Neno hilo limo hadi leo katika ibada ya Ubatizo, padre anapogusa masikio na mdomo wa mtoto. Kuponya ni kwa Bwana, lakini kumleta mgonjwa ni kazi iliyoachiwa sisi.

Tarehe 7 Mei 1824, simfonia ya tisa ilipopigwa Vienna kwa mara ya kwanza, Beethoven alikuwa hasikii karibu kabisa. Yasimuliwa kwamba watu walishangilia naye akabaki amewapa mgongo, hajui, mpaka mwimbaji Caroline Unger alipomgeuza kwa upole ili aone vitambaa na kofia zikipungwa hewani. Juma hili, kila mmoja wetu amtafute jirani mmoja asiyesikia, amkaribie mahali anapoweza kumwona, na azungumze naye polepole.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.