Ugonjwa Sugu wa Figo: Yale Ambayo Tafiti za Miaka ya Karibuni Zimetufundisha

Ugonjwa sugu wa figo huingia mwilini bila kubisha hodi. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akiendelea kulima, kufundisha na kulea watoto pasipo kuhisi maumivu yoyote. Miguu inapoanza kuvimba, hamu ya chakula inapopotea na pumzi zinapokuwa fupi, mara nyingi figo zimekwisha kuharibika kiasi kwamba linalobaki ni kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 850 duniani wana ugonjwa wa figo wa aina moja au nyingine, na mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kwa mara ya kwanza azimio linalohusu afya ya figo.

Katika makala hii tunaeleza yale ambayo tafiti za kitabibu zimebainisha juu ya matibabu ya ugonjwa huu. Tungependa msomaji ashike jambo moja: dawa zinazopunguza kasi ya ugonjwa sasa zipo, na ushahidi wake ni mzito; lakini humfaa zaidi yule aliyegunduliwa mapema, na kugunduliwa mapema kunategemea kipimo cha damu na kipimo cha mkojo.

Figo huharibikaje?

Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Damu huingia katika kichujio kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mwingine. Taka na maji ya ziada hupita kwenda kuwa mkojo, ilhali protini hubaki katika damu. Kisukari na shinikizo la juu la damu, ambavyo ndivyo visababishi vikuu, huongeza msukumo ndani ya vichujio hivyo hadi vikachakaa. Kichujio kilichochakaa huanza kuvujisha protini iitwayo albumini.

Kwa sababu hiyo waganga hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni kreatinini katika damu, ambayo hutumika kukadiria kasi ya uchujaji. Kadirio likiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi mitatu, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Cha pili ni albumini katika mkojo. Hiki cha pili husahauliwa mara nyingi, ingawa chaweza kuonyesha madhara miaka mingi kabla ya kreatinini kupanda.

Miaka mingi ya dawa za aina moja

Mwaka 1993 utafiti uliofanywa kwa wagonjwa 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza ulionyesha kuwa kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu, ilipunguza kwa takribani nusu hatari ya kufa, kuhitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Mwaka 2001 tafiti nyingine zilithibitisha manufaa ya losartani na irbesartani kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Dawa hizi hulegeza mshipa unaotoa damu katika kichujio, na hivyo kupunguza msukumo ndani yake. Kwa karibu miaka ishirini iliyofuata, hazikupata mwenza mwenye ushahidi wa uzito uleule.

Dawa yenye asili katika gome la mti wa tufaha

Mwaka 1835 wanakemia wa Ufaransa walitenga kutoka katika gome la mizizi ya mtufaha kiini kilichoitwa florizini. Baadaye ilifahamika kwamba kiini hicho huzuia figo kurudisha sukari katika damu, na hivyo sukari hutoka kwa mkojo. Kutokana na maarifa hayo zikatengenezwa dawa za kisukari kama vile kanagliflozini, dapagliflozini na empagliflozini.

Jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba dawa hizi huilinda figo kwa njia isiyotegemea kushusha sukari. Sukari na chumvi vinapozuiwa kurudi katika damu, chumvi nyingi zaidi hufika sehemu ya figo inayopima msukumo, nayo figo huukaza mshipa unaoingiza damu katika kichujio. Kwa hiyo, dawa za zamani hulegeza mlango wa kutokea, na hizi hubana mlango wa kuingilia. Zikitumika pamoja, kichujio hupumzika kutoka pande zote mbili.

Takwimu zasemaje?

Mwaka 2019 utafiti uitwao CREDENCE, uliohusisha wagonjwa 4,401 wenye kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa figo, ulionyesha kuwa kanagliflozini ilipunguza madhara makubwa kwa asilimia 30. Mwaka 2020 ukafuata utafiti wa DAPA-CKD wenye washiriki 4,304, ambao takribani theluthi moja yao hawakuwa na kisukari kabisa. Washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa dapagliflozini miligramu 10 kwa siku, na nusu kidonge kisicho na dawa ndani yake, wala mgonjwa wala daktari wake hakujua nani amepewa kipi. Utafiti ulisitishwa kabla ya wakati kwa kuwa manufaa yalikuwa dhahiri. Mwaka 2023 matokeo ya EMPA-KIDNEY, yenye washiriki 6,609, yalichapishwa. Empagliflozini ilipunguza hatari kwa asilimia 28.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Iliposemwa kuwa DAPA-CKD ilipunguza hatari kwa asilimia 39, baadhi ya watu walidhani kwamba wagonjwa 39 kati ya 100 waliponywa. Sivyo. Katika muda wa miaka ipatayo miwili na nusu, kati ya kila watu 100 waliopewa kidonge kitupu, 14 au 15 walipoteza nusu ya uwezo wa figo zao, au figo zilishindwa kabisa, au walifariki kwa ugonjwa wa figo au wa moyo. Kwa waliopewa dawa, idadi hiyo ilikuwa 9. Yaani, kwa kila watu 19 waliotumia dawa kwa muda huo, mmoja aliepushwa na madhara hayo. Dawa haiponyi figo iliyokufa; hupunguza mwendo wa ugonjwa. Lakini kwa maradhi yanayochukua miaka mingi, kupunguza mwendo kwaweza kuwa tofauti kati ya mzazi anayewaona watoto wake wakimaliza shule na yule anayefungwa na mashine mara tatu kwa juma.

Dawa nyingine mbili zimeongezwa katika hazina hii kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Finerenoni, katika utafiti wa mwaka 2020 wenye washiriki 5,734, ilipunguza hatari kwa asilimia 18. Semaglutaidi, inayodungwa mara moja kwa wiki, iliipunguza kwa asilimia 24 katika utafiti wa FLOW wa mwaka 2024, uliohusisha watu 3,533.

Nafasi ya Waafrika katika tafiti hizi

Hatuna budi kutaja upungufu mmoja. Katika DAPA-CKD na EMPA-KIDNEY, watu weusi walikuwa takribani wanne tu kati ya kila washiriki 100. Hilo halibatilishi matokeo, bali hutukumbusha kwamba yapo maswali yanayopaswa kujibiwa hapa barani kwetu.

Baadhi yameanza kujibiwa. Utafiti uliofanyika Malawi, Afrika Kusini na Uganda, ukipima uchujaji wa figo moja kwa moja, ulibaini kwamba makadirio yanayotegemea kreatinini huonyesha figo kuwa na nguvu kuliko ilivyo kweli. Wapo wagonjwa wanaoambiwa wako salama ilhali sivyo. Aidha, mwaka 2024 utafiti wa Ghana na Nigeria wenye washiriki zaidi ya 8,000 ulionyesha kuwa takribani watatu kati ya kumi walikuwa na nakala mbili za aina fulani za jeni ya APOL1, ambazo huongeza hatari ya ugonjwa wa figo, na kwamba hata nakala moja huongeza hatari hiyo kwa kiasi. Aina hizo za jeni zimeenea hasa Afrika Magharibi, kwa kuwa huwakinga watu dhidi ya baadhi ya vimelea vya malale. Dawa inayolenga jeni hiyo, inaksaplini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache na matokeo yakachapishwa mwaka 2023: protini katika mkojo ilipungua kwa karibu nusu. Hiyo ni hatua ya awali tu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu apime kreatinini na albumini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka, hata akijihisi mzima. Vivyo hivyo, mwenye ndugu wa damu aliyeugua figo amwombe mganga ushauri wa kupimwa.

Pili, kreatinini yaweza kupanda kidogo katika wiki za kwanza za dawa hizi. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba msukumo katika kichujio umepungua. Mgonjwa asiache dawa kwa hofu, bali arudi kwa daktari.

Tatu, dawa hizi hazimfai kila mtu. Mjamzito, mwenye kisukari cha aina ya kwanza na aliyepandikizwa figo wasizitumie kwa kuazimana. Anayetapika au kuharisha, anayesubiri upasuaji, au anayekusudia mfungo mrefu, amwulize daktari kama azisitishe kwa muda, kwa kuwa zaweza kuleta upungufu wa maji na asidi nyingi katika damu. Zaweza pia kusababisha fangasi sehemu za siri.

Nne, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinapomezwa siku hadi siku bila ushauri, huiumiza figo ambayo dawa nyingine zinajaribu kuilinda.

Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa za kundi la empagliflozini katika orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Hata hivyo, bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi, na bima si zote zinazoigharamia. Lakini kaptoprili na losartani ni za bei nafuu, na kijiti cha kupima protini katika mkojo hupatikana hata katika zahanati nyingi za vijijini. Tunawasihi wanaohudhuria kliniki za kisukari na shinikizo la damu wasitoke bila kuuliza swali hili fupi: “Mkojo wangu umepimwa?”