Masika Arusha: Namna ya kutoa jasho la kweli kwenye eliptiko

Mvua za masika zikishika kuanzia Machi, njia za vumbi zinazopanda kuelekea Mlima Meru hugeuka utelezi mtupu, na wakimbiaji wengi hukimbilia jimu. Huko wanakutana na eliptiko, ile mashine ya kukanyaga huku mikono ikivuta na kusukuma. Nyayo haziachi pedali, hivyo goti halipati kishindo cha lami.

Shida ni matumizi. Mtu anaegemea vishikio, ugumu kauweka namba 1, macho kwenye simu. Dakika 40 zinakatika, fulana bado kavu!

Simama wima, kaza tumbo, sukuma kwa kisigino. Pasha mwili dakika 5. Kisha ongeza ugumu mpaka ushindwe kupiga stori, uweze maneno machache tu: dakika 1 kali, 2 za kupoza, rudia mara 6 hadi 8. Ukikanyaga kinyumenyume, mapaja ya mbele yanafanya kazi zaidi.

Umetoka Dar juzi? Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Pumzi itakata mapema, usishindane na wenyeji wiki ya kwanza.

Anayejiandaa kupanda Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, asitegemee mashine peke yake. Inajenga pumzi, lakini haifundishi miguu kushuka, na kushuka ndiko kunakoua mapaja. Ngazi na vilima vibaki kwenye ratiba.

Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, acha hapohapo, uende hospitali.