Mushambya wa Kibanja, Msonobari wa Rweya

Kwetu Izimbya, mkoani Kagera, mtu aliyestaafu bila nyumba kibanjani, yaani katika shamba la ukoo la migomba na mibuni, huhesabiwa kuwa bado yuko safarini. Anaweza kuwa na nyumba Mwanza na nyingine ya kupangisha Mbagala, lakini siku ya msiba wake watu watauliza turubai linafungwa wapi. Ndiyo maana hata karani wa mshahara mdogo huanza mapema kumtumia kaka yake fedha za tofali. Mimi nilikuwa muuguzi. Nilipopata kiinua mgongo nilitaka nyumba ya miti: nguzo za mushambya, kuta za mabanzi ya msonobari, bati juu. Fundi akanitazama kwa huruma.

"Mama, fedha zote hizi, halafu unarudi kwenye miti?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Vizazi vyake viwili vimeikimbia miti. Nyumba ya zamani ya Wahaya, mushonge, ilisimama juu ya nguzo za miti, ikasukwa kwa fito na matete, kisha ikavikwa nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, hata mgeni asijue ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi. Ndani mlikuwa na moto, vitanda, na ng'ombe wakati wa usiku. Wageni waliandika kuhusu moshi na giza wakadhani ni ujinga. Moshi ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Ng'ombe walilala ndani kwa sababu samadi yao ndiyo iliyolisha migomba, na bila samadi kibanja hufa. Sakafuni zilitandazwa nyasi mbichi, desturi ambayo mama yangu aliishika hata alipokuwa na sakafu ya saruji. Leo anayetaka kuona mushonge huenda Katuruka kule Maruku, au Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam.

Kilichouondoa mushonge ni buni. Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa kabla ya Mjerumani, lakini chini ya wakoloni ikawa zao la kuuza, na bei ilipopanda, kila mwenye mibuni alitaka nyumba ya pembe nne yenye bati. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Bukoba kilipoundwa mwaka 1950, nyumba ya tofali yenye veranda ilikwisha kuwa kipimo cha mtu. Sasa tazama mibuni ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mwanamume, kama kibanja chenyewe. Mke alipalilia, alichuma, alianika. Fedha zilipolipwa jina lililoitwa halikuwa lake. Kwa hiyo nyumba ya tofali, tangu msingi, ilikuwa nyumba ya mume. Akifa, mjane alibaki kwa hisani ya wanawe, na asiye na wana alirudi kwa kaka zake akalala chumba cha nyuma.

Mwanamke alikuwa na rweya. Hiyo ni mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, ardhi hafifu ambayo ukoo haukuigombania sana. Huko wanawake walikata nyasi za kuezekea na kutandaza, wakalima njugu mawe, kisha wakaliacha shamba lipumzike miaka kadhaa. Kulikuwa na njia nyingine ya mwanamke kupata chake, ile ambayo wakubwa hawakupenda kuitaja mbele ya watoto. Kabla ya vita kuu ya pili wanawake wa Kihaya walikwisha kwenda Kampala, Nairobi na Mombasa kutafuta fedha, wengi kwa biashara ya miili yao. Waliitwa kila jina. Lakini wapo waliorudi wakanunua vibanja kwa fedha taslimu, na kibanja cha kununua si cha ukoo. Hakuna baba mdogo wala mpwa wa kukudai. Nikiulizwa ni nani kati ya wanawake wetu waliotangulia kujijengea nyumba ya uzeeni, siwezi kuwaruka hao, watu wa kanisani wanune watakavyonuna.

Binti aliyebaki nyumbani alibanwa na mila iliyoandikwa mwaka 1963: aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, kuiuza hapana. Hapo ndipo alipoingia Holaria Pastory wa Muleba. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia, naye mwezi Agosti 1988, akiwa mzee, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, ikatamka kwamba mauzo ni batili. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki Holaria. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba Katiba hairuhusu mtu kubaguliwa kwa jinsia, kwa hiyo mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo sawasawa na mwanamume. Mpwa aliachiwa njia moja: akitaka shamba libaki kwenye ukoo, alipe hizo 300,000 ndani ya miezi sita, kama ambavyo angelazimika kulikomboa kwa mwanamume. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaja na maneno yanayofanana na hayo.

Baba yangu hakuwa msomaji wa hukumu, lakini habari ilimfikia. Aliandika wosia, akanikatia upande wa chini wa kibanja wenye mushambya alioupanda kama mpaka. Mushambya ni mti wa maua ya njano; mchwa hawaupendi, na ukiukata huchipua tena. Nguzo zangu zilitoka hapo. Msonobari niliupanda mwenyewe kule rweya, mahali mama alipolimia njugu. Mbao zake ni laini na mchwa huzila kama mkate, kwa hiyo nilijenga msingi wa mawe hadi magotini, na miisho ya mabanzi ikapakwa oili chafu.

Tofali nililiogopa kwa sababu nyingine. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Nyumba ya kaka yangu, tofali za udongo na tope, ukuta mmoja ulilala wote uani. Kibanda chake cha miti cha mbuzi kilisimama.

Hakusema neno wakati ule. Mwaka huu amekuja kupima veranda yangu kwa hatua, akatangaza kwamba naye ataongeza vyumba viwili vya mabanzi. Nguzo anazo. Misonobari iliyokomaa ni ya mke wake, aliyeipanda rweya kwa fedha za njugu, na wifi amemwambia atamuuzia kwa bei ya soko. Bado wanabishana.