Sanduku la Mkate

Kabla mafuta ya taa hayajachimbuliwa ardhini na kuenea duniani, nuru iliyowaka katika majumba ya matajiri na katika minara ya kuongozea vyombo huko Ulaya na Marekani ilitoka, kwa sehemu kubwa, katika mwili wa nyangumi. Na katika jamii zote za nyangumi hapana aliyetafutwa kwa bidii kama yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, ambaye ndani ya kichwa hicho mna mafuta meupe mfano wa nta, yafanyiwayo mishumaa ya mwanga safi, na ambaye tumboni mwake ndimo inamotoka ile ambari ambayo watu wa pwani yetu wameiokota ufukoni na kuijua thamani yake tangu enzi za mababu. Makao makuu ya kazi hiyo, mwanzoni mwa karne ya 19, yalikuwa kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Nantucket, mbele ya pwani ya Massachusetts, ambacho wengi wa matajiri wake walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Quaker, watu wa mavazi ya kawaida na ibada ya kimya, wenye kuchukia vita.

Safari ya kuwinda nyangumi ilichukua miaka 2 au 3, na baharia hakulipwa mshahara wa mwezi bali fungu katika pato la safari nzima: nahodha fungu nono, naibu wake pungufu ya hapo, na mgeni wa kazi fungu dogo mno, hata baada ya kukatwa deni la nguo na tumbako alizokopa chomboni wapo walioshuka bandarini mikono mitupu. Nyangumi alipoonekana na mlinzi aliye juu ya mlingoti, ziliteremshwa mashua nyepesi, zilizochongoka mbele na nyuma, kila moja na watu 6. Mpiga chusa akasimama omoni na kurusha chusa lake lenye kamba ndefu iliyopangwa duara kwa duara ndani ya pipa, maana kamba ile ikishaanza kukimbia ilifuka moshi kwa msuguano, na mtu aliyenaswa mguu alikwenda nayo chini ya bahari. Kisha, katikati ya msukosuko huo, mpiga chusa na mkuu wa mashua walibadilishana nafasi, huyu akija mbele na yule akienda tezini kushika kasia la usukani, kwa kuwa kuua kwa mkuki ilikuwa haki ya mkuu. Mzoga ulichunwa ubavuni mwa merikebu, na shahamu yake ikapikwa katika masufuria makubwa ya chuma juu ya tanuri la matofali lililojengwa sitahani, moto ukichochewa kwa makapi ya shahamu ile ile, hata usiku merikebu ilionekana kwa mbali kama nyumba iwakayo.

Merikebu hizi zilifika hata katika bahari yetu, na katika miaka ile ambayo nguo ya merikani ilikuwa ikienea bara kutoka Unguja, baadhi yake zilitia nanga bandarini humo. Mmoja wa mabaharia hao, Mmarekani J. Ross Browne, aliiacha merikebu yake papo hapo Unguja, na kitabu alichokitoa mwaka 1846 ni mashtaka marefu juu ya jinsi walivyotendewa watu wa kazi hiyo. Nayataja haya kwa sababu habari ninayotaka kuieleza, ingawa ilitokea katika bahari iliyo mbali sana nasi, ni habari ya mabaharia wa daraja ya chini, na wachache katika waisimuliao huwakumbuka.

Merikebu Essex ilikuwa imekwisha zeeka, kwani iliundwa mwaka 1799, na urefu wake ulikuwa kiasi cha futi 87 tu. Ilipong'oa nanga Nantucket mwezi wa Agosti 1819, nahodha wake alikuwa George Pollard, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akishika unahodha kwa mara ya kwanza. Naibu wa kwanza Owen Chase, mdogo wake kwa umri lakini mkali kumshinda kwa tabia. Naibu wa pili Matthew Joy. Na mtumishi mdogo kuliko wote Thomas Nickerson, mtoto wa miaka 14. Miongoni mwa watu 21 wa merikebu hiyo, 7 walikuwa weusi. Mzee wao alikuwa Richard Peterson, mtu wa karibu miaka 60 na mcha Mungu, na mtumishi wa chumba cha nahodha alikuwa William Bond. Siku chache tu baada ya kuondoka, dharuba iliilaza merikebu ubavu na kuharibu mashua 2. Pollard alitaka kurudi kuitengeneza; manaibu wakamshauri aendelee, naye akakubali. Msomaji na alishike jambo hili.

Wakaizunguka Cape Horn kwa taabu ya wiki nyingi, wakapanda kaskazini, ambako mmoja wa wale weusi alitoroka katika bandari ya Atacames, kisha wakafika visiwa vya Galápagos, ambako walipakia kobe wakubwa kwa mamia. Kobe hao waliachwa wakitambaa sitahani na ngamani bila ya kupewa chakula wala maji, kwa kuwa mabaharia waliamini kwamba kobe huweza kuishi hivyo mwaka mzima bila ya kuumia. Wakaelekea magharibi, katika bahari isiyo na kisiwa karibu.

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1820, Pollard na Joy wakiwa mbali na mashua zao wakiwafukuza nyangumi, Chase alirudi sitahani kutengeneza mashua yake iliyopasuliwa kwa pigo la mkia, akawa anapigilia misumari. Mara akaonekana nyangumi dume, urefu wake akimkadiria kuwa futi 85, ametulia juu ya maji, kichwa chake kikielekea merikebu. Akaja kwa kasi, akaipiga upande wa omo kwa kishindo kilichowaangusha watu, akapita chini ya mkuku na kuibuka upande wa pili karibu kabisa na tezi. Chase alikuwa na mkuki mkononi. Lakini aliuona mkia wa mnyama umeukaribia usukani, akahofu kwamba akimchoma atauvunja, akajizuia. Nyangumi akaenda mbali kidogo, akayapiga maji na kugonganisha mataya yake, kisha akarudi kwa kasi iliyozidi ya kwanza na kuiponda omo. Katika dakika chache merikebu ilikuwa imelala ubavu. Pollard aliporejea na kuuliza ni msiba gani uliowafika, aliambiwa kwamba wamevunjiwa chombo na nyangumi. Na jibu hilo hapana nahodha aliyepata kupewa kabla yake, kwa kadiri walivyojua.

Katika dakika zile chache, William Bond alishuka chumbani mara baada ya mara, maji yakipanda, akatoa masanduku ya nahodha na naibu, na vyombo 2 vya kupimia jua, na vitabu vya kuongozea safari. Bila ya tendo hilo, mashua tatu walizobaki nazo zingekuwa vibanzi juu ya maji. Baadaye walitoboa sitaha wakatoa kiasi cha pauni 600 za mkate mkavu, maji, kobe wachache na misumari. Wakaongeza mbao mbavuni mwa mashua ili mawimbi yasiingie, wakashona matanga. Watu 20 waligawanywa katika mashua tatu.

Hapo ndipo lilipofanyika shauri. Visiwa vya Marquesas vilikuwa kiasi cha maili 1,200 upande wa upepo uendako, na visiwa vya Society, penye Tahiti, vilikuwa mbali zaidi lakini vyenye kufikika. Pollard alitaka kuelekea huko. Manaibu walikataa, wakisema kwamba wenyeji wa visiwa hivyo ni wala watu, na kwamba ni bora kushuka kusini kutafuta pepo nyingine na kisha kurudi mashariki hadi pwani ya Amerika ya Kusini, safari ya maili zaidi ya 3,000 katika mashua za kuwindia. Kwa mara ya pili Pollard akakubali. Ilhali wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamekaa Tahiti tangu mwaka 1797, na vyombo vikiingia na kutoka kwa salama. Wahenga wetu wamesema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini mimi simlaumu Pollard kwa kusikiliza, maana kushauriana ni sunna njema. Kosa nalionea mahali pengine: shauri lile lilikuwa la watu watatu waliozaliwa katika kisiwa kimoja, wenye hofu moja waliyoirithi kwa uvumi, na hapana aliyewauliza mzee Peterson wala Bond, waliokuwa na roho ya kupoteza kama wao.

Katika mashua ya Chase, mkate wote ulitiwa ndani ya sanduku lake mwenyewe, naye akalala usiku ameliegemea, bastola karibu yake. Fungu la kila mtu kwa siku lilipimwa pamoja na nusu painti ya maji. Na mkate uliolowa maji ya chumvi, walipoula kwanza ili usiharibike, uliwazidishia kiu hata ndimi zao zikavimba. Tarehe 20 Desemba waliona kisiwa, nacho ni Henderson, wakapata chemchemi ndani ya mwamba unaofunikwa na maji kujaapo, wakala ndege na kaa mpaka wakapungua. Baada ya wiki moja waliondoka, isipokuwa watu watatu waliochagua kubaki. Matthew Joy alifariki tarehe 10 Januari 1821, na usiku wa tarehe 12 tufani ikaitenga mashua ya Chase na zile mbili.

Sasa mashua hiyo ilikuwa na watu 5, na fungu la mkate limeshuka hadi wakia moja na nusu kwa siku. Usiku mmoja mtu alinyoosha mkono na kuchukua mkate katika sanduku. Chase aliamka, akamwelekezea bastola na kumtaka aurudishe, akaurudisha, akiomba radhi. Na Chase, ambaye kwa sheria aliyojiwekea angeweza kumuua, akamsamehe, wala katika kitabu alichokitoa mwaka ule ule hakulitaja jina lake. Ni Nickerson aliyelitaja, katika kumbukumbu alizoziandika uzeeni: alikuwa ni Richard Peterson, naye Nickerson akaharakisha kusema kwamba huyo alikuwa mzee mwema, na kwamba hapana kitu kingine ila njaa ambacho kingeweza kumfikisha hapo.

Haukupita muda, mzee yule yule alipopewa fungu lake alilikataa. Alisema liwekwe, huenda likamfaa mwingine, maana yeye halimfai tena. Alizungumza na Chase habari za imani kwa utulivu, akamtaka, ikiwa Mungu atamfikisha kwao, ampelekee mkewe habari za mwisho wake. Akajilaza, akafa, na siku ya pili wakamtosa baharini. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila nifikapo hapa husimama: mkono ulionyooshwa gizani kuchukua wakia chache za mkate, na mkono ule ule uliozirudisha mchana kweupe, hazikupita siku nyingi baina yake.

Yaliyofuata nitayapita kwa ufupi. Katika mashua ya Pollard na ile ya Joy, iliyoshikwa sasa na Obed Hendricks, watu wanne walikufa mmoja baada ya mwingine mwezi wa Januari, Lawson Thomas, Charles Shorter, Isaiah Sheppard na Samuel Reed, wote weusi, na wenzao wakaishi kwa miili yao. Hukumu ya dharura naiacha kwa wanavyuoni. Lakini mtu muadilifu hana budi kuuliza kwa nini, baada ya Joy, wao ndio waliotangulia, na wengi hudhani kwamba walianza safari wakiwa na lishe duni kuliko wengine. Mashua ya Hendricks, aliyokuwamo Bond, ilipotea usiku na haikuonekana tena. Katika mashua ya Pollard walipiga kura mapema mwezi wa Februari, na kura ikamwangukia Owen Coffin, kijana, binamu wa nahodha. Pollard alitaka kumkinga, lakini kijana alisema kwamba ameridhika, na rafiki yake Charles Ramsdell, aliyeangukiwa na kura ya pili, ndiye aliyempiga risasi. Katika mashua ya Chase, Isaac Cole alipokufa tarehe 8 Februari, hawakumtosa baharini.

Chase, Nickerson na Benjamin Lawrence waliokolewa na merikebu ya Kiingereza tarehe 18 Februari 1821. Pollard na Ramsdell siku 5 baadaye na merikebu ya Nantucket. Na wale watatu wa Henderson mwezi wa Aprili. Jumla ya waliopona ni 8. Hapana mweusi hata mmoja.

Pollard alipewa merikebu nyingine, nayo ikavunjika juu ya miamba kaskazini-magharibi ya Hawaii mwaka 1823. Akarudi Nantucket na kuwa mlinzi wa usiku, akizunguka njia za mji na taa. Herman Melville, aliyekuwa amekwisha toa kitabu chake juu ya nyangumi mweupe mwaka 1851, alikutana naye mwaka uliofuata, akamwona mtu wa kustahiwa. Chase aliendelea na bahari, akawa nahodha, akatajirika kiasi. Lakini uzeeni akili yake ilichafuka kwa maumivu ya kichwa yasiyokoma, na watu wa nyumba yake walimkuta akinunua chakula zaidi ya haja, akikipandisha kidogo kidogo na kukificha darini.