Bakteria wa Uke na Matibabu ya Ugumba: Ushahidi wa Kilifi na Mombasa

Uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ni makao ya jamii kubwa ya bakteria. Hali iliyo salama zaidi ni ile ambamo jamii hiyo inatawaliwa na bakteria wa jenasi ya Lactobacillus, ambao daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892. Homoni ya estrojeni huufanya ukuta wa uke uhifadhi glaikojeni. Glaikojeni hiyo ikishavunjwa kuwa sukari, laktobasili huitumia kutengeneza asidi ya laktiki, na asidi hushusha pH ya uke hadi 4.5 au chini yake. Vijidudu vingi vya maradhi havistawi katika uchachu huo. Laktobasili wenyewe hawalingani kwa nguvu. Lactobacillus crispatus ndiye mlinzi wa kutegemewa zaidi, ilhali Lactobacillus iners huweza kuishi pamoja na bakteria walewale wanaouvuruga uke.

Laktobasili wakipungua, nafasi yao hutwaliwa na mchanganyiko wa bakteria wasiohitaji oksijeni, wakiongozwa na Gardnerella na Prevotella. pH hupanda, majimaji mepesi ya kijivu huanza kutoka, na harufu kama ya samaki husikika, hasa baada ya kujamiiana. Hali hiyo ndiyo vajinosisi ya bakteria. Wanawake wengi walio nayo hawana dalili yoyote: katika uchunguzi wa kitaifa wa Marekani wa miaka ya 2001 hadi 2004, asilimia 29 ya wanawake waliopimwa walikuwa nayo, na asilimia 84 ya hao hawakuwa wamehisi lolote.

Kuitambua hakuhitaji mashine za bei ghali. Vigezo vya Amsel, vilivyochapishwa mwaka 1983, vinatumia pH, harufu, sura ya majimaji na seli zilizofunikwa na bakteria zinazoonekana kwa hadubini. Alama za Nugent za mwaka 1991 huhesabu maumbo ya bakteria kwenye kioo kilichotiwa rangi ya Gram, kuanzia 0 hadi 10, na 7 au zaidi ni vajinosisi. Usomaji wa jeni za bakteria ulikuja baadaye na kuonyesha picha pana zaidi, lakini hadubini haijapoteza kazi yake.

Pwani ya Kenya ina nafasi ya pekee katika elimu hii. Tangu mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Washington wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono mjini Mombasa, na ni kutokana na wanawake hao ulimwengu ulijua kwamba kukosa laktobasili kunaongeza hatari ya kuambukizwa Virusi vya Ukimwi. Kaskazini kidogo, mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwapo tangu 1989. Katika utafiti mmoja wa Kilifi, wanawake 202 waliofika kliniki ya wajawazito ya Hospitali ya Kaunti mwaka 2015 walipimwa. Asilimia 19.3 walikuwa na vajinosisi ya bakteria, asilimia 14.9 walikuwa na klamidia, asilimia 7.4 walikuwa na trikomona, na asilimia 1 walikuwa na kisonono. Wanawake hao tayari walikuwa wameshika mimba, kwa hiyo takwimu hizi hazielezi ugumba moja kwa moja. Zinaeleza kitu kingine kilicho na uzito wake: bakteria wenye uwezo wa kuharibu uzazi wamo kwa wingi kati ya wanawake wa kawaida wa kaunti ambayo mji wa Watamu ni sehemu yake, si kati ya wagonjwa wa kliniki maalumu peke yao.

Swali la kama vajinosisi yenyewe huchelewesha mimba lilijibiwa kwa namna nzuri zaidi nchini Kenya kuliko mahali pengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Human Reproduction uliwafuata wanawake 458 wa Kenya waliokuwa wakitafuta mimba, mwezi baada ya mwezi, kabla mimba haijaingia. Mpangilio huo una thamani kubwa, kwa kuwa tafiti nyingi za awali ziliwalinganisha wanawake waliokwisha kugundulika kuwa wagumba na wajawazito, na ulinganisho wa aina hiyo hauwezi kusema kipi kilitangulia. Mwanamke aliyekuwa na vajinosisi katika mahudhurio yaliyotangulia kipimo cha mimba alikuwa na uwezekano wa kushika mimba uliopungua kwa asilimia 17, tofauti ambayo kihesabu ingeweza kuwa ya bahati tu. Lakini wanawake ambao vajinosisi iliwadumu, mahudhurio hadi mahudhurio, walikuwa na upungufu wa asilimia 43 wakilinganishwa na wale ambao uke wao ulidumu katika hali njema, na tofauti hii haikuwa ya bahati. Kinachodhuru, kwa ushahidi huu, ni muda. Vajinosisi inayokuja na kuondoka si sawa na ile inayokaa.

Katika kliniki za utungisho nje ya mwili ushahidi ulianza kwa matumaini makubwa. Mwaka 2016 watafiti wa Hispania waliripoti kwamba wanawake wagumba ambao mji wao wa mimba ulikuwa na laktobasili kwa zaidi ya asilimia 90 walizaa watoto hai kwa kiwango cha asilimia 58.8, dhidi ya asilimia 6.7 kwa wasio na laktobasili wa kutosha. Tofauti hiyo ni ya kushangaza, na inapaswa kumtia msomaji tahadhari, kwani wanawake waliochunguzwa walikuwa 35 tu, na sampuli ya mji wa mimba hupitishwa ukeni, ambamo ni rahisi kuchafuliwa. Mwaka huohuo utafiti wa Denmark ulikuta kwamba kati ya wanawake wenye uke uliovurugika asilimia 9 tu walipata mimba, ilhali kiwango cha jumla kilikuwa asilimia 35. Uholanzi nayo ikatangaza mwaka 2019 kipimo cha kutabiri nani atashindwa kushika mimba. Kliniki za nchi nyingi zikaanza kuuza vipimo vya bakteria na dozi za dawa kabla ya kupandikiza kiinitete, kana kwamba swali limekwisha.

Watafiti wa Denmark walifanya kilichopaswa kufanywa: walijaribu tiba. Wanawake 338 waliokuwa wakisubiri kupandikizwa, wote wakiwa na uke uliovurugika, waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa antibiotiki ya klindamisini ikifuatwa na Lactobacillus crispatus hai, la pili klindamisini na dawa bandia, la tatu dawa bandia pekee. Mimba ziliingia kwa kiwango cha karibu asilimia 45 katika makundi yote matatu. Tiba haikuongeza chochote.

Matokeo hayo yanaonekana kupingana na yale ya Kenya, lakini yakisomwa pamoja na njia ya maradhi yenyewe yanapatana. Bakteria wa vajinosisi hutoa vimeng'enya vinavyomeng'enya ute wa mlango wa kizazi, na ute huo ndio kizuizi kati ya uke na mji wa mimba. Kizuizi kikilegea, bakteria hao hupanda juu, na klamidia na kisonono hupata njia. Uvimbe hutokea, kisha makovu, na hatimaye mirija ya uzazi huziba. Utungisho nje ya mwili huiruka mirija: yai huchukuliwa kutoka kwenye ovari, hutungishwa maabara na kurudishwa moja kwa moja ndani ya mji wa mimba. Ikiwa sehemu kubwa ya madhara ya vajinosisi hupita kwenye mirija, basi kuitibu wiki chache kabla ya kupandikiza ni kutengeneza mlango wa nyumba ambayo mwizi amekwisha kuondoka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yanaunga mkono hoja hii. Vajinosisi ilionekana mara tatu hivi zaidi kwa wagumba kuliko kwa wajawazito, lakini haikupunguza kushika mimba kwa wanawake waliokuwa katika matibabu ya utungisho. Kilichoongezeka ni kuharibika kwa mimba changa sana, jambo linaloonyesha kwamba mirija si njia pekee ya madhara.

Hoja ya mirija ina uzito zaidi Afrika kuliko Ulaya. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 1985, ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya wanawake wagumba wa Afrika walikuwa na tatizo linalotokana na maambukizi, dhidi ya asilimia 33 ulimwenguni kote. Takwimu hizo ni za zamani, lakini utaratibu wa maradhi haujabadilika, na klamidia ya asilimia 14.9 katika kliniki ya wajawazito ya Kilifi haitoi sababu ya kuzipuuza.

Kwa mwanamke wa Watamu ambaye amekaa miaka miwili kwenye ndoa bila mimba, maana ya haya yote ni ya vitendo. Hospitali ya Malindi iko kilomita zisizofika 30 kutoka kwake, na ya Kaunti mjini Kilifi iko mwendo wa saa moja hivi. Utungisho nje ya mwili, ambao watoto wake wa kwanza nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006, unamtaka asafiri mbali na kulipa mamia ya maelfu ya shilingi kwa jaribio moja. Akienda huko na kuuziwa kipimo cha bakteria kama ufunguo wa mimba, anauziwa kitu ambacho jaribio bora lililopo limekikataa. Kinachopaswa kutangulia ni kupima klamidia na kisonono, kupiga picha ya mirija kwa eksirei, na kupima shahawa za mume. Hili la mwisho halipaswi kuachwa kwa sababu ya haya. Mwanamume ana mchango katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, na bado lawama, pwani kama bara, humwangukia mke, wakati mwingine hadi kuletewa mke mwenza kabla mume hajapimwa hata mara moja.

Vajinosisi ikipatikana inatibiwa, na metronidazoli kwa siku 7 huwapa wengi nafuu. Ugumu uko kwenye kurudi kwake. Zaidi ya nusu ya wanawake huipata tena ndani ya mwaka, kwa sababu Gardnerella hujenga utando mnene juu ya ukuta wa uke ambao dawa haiupenyi vizuri, na kwa sababu bakteria hao huishi pia kwenye uume. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2025 lilimtibu mume pamoja na mkewe, kwa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamisini ya kupaka. Vajinosisi ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12, dhidi ya asilimia 63 pale mke alipotibiwa peke yake. Jaribio hilo lilihusu wenzi wawili wawili waaminifu, na nyumba yenye wake wengi inahitaji utafiti wake wenyewe. Hata hivyo ushahidi wa Afrika Mashariki ulikwisha kuelekea upande huo: huko Rakai, Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa walionekana kuwa na vajinosisi kidogo kuliko wake wa wasiotahiriwa. Na kinga haiko kwa mume peke yake: magharibi mwa Kenya, wasichana wa shule waliopewa vikombe vya hedhi walipata vajinosisi kidogo na walikuwa na Lactobacillus crispatus zaidi kuliko wenzao.

Jambo moja la nidhamu ya kisayansi linahitaji kusemwa wazi. Uchunguzi maarufu wa mwaka 2011 wa wanawake 396 wa Amerika Kaskazini, wote wasio na dalili, uligundua kwamba karibu asilimia 40 ya wanawake weusi hawakutawaliwa na laktobasili, dhidi ya asilimia 10 hivi ya wanawake weupe. Wapo waliotoka hapo na kudai kwamba uke wenye bakteria mchanganyiko ni hali ya kawaida ya mwanamke Mwafrika na haina haja ya kushughulikiwa. Dai hilo lina nia njema, lakini ushahidi wa Mombasa na wa wanawake 458 wa Kenya unalipinga. Kuwa jambo limeenea hakulifanyi lisidhuru. Kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile: kumwita kila mwanamke asiye na laktobasili mgonjwa na kumlundikia antibiotiki.

Usafi nao unahitaji maelezo ya uangalifu. Katika utafiti wa Mombasa uliodumu miaka 10, wanawake walioosha ndani ya uke, hasa kwa sabuni, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata Virusi vya Ukimwi. Kuosha nje kwa maji, kama inavyofanywa katika istinja, yaani kujisafisha baada ya haja, ni jambo tofauti kabisa na halina ubaya. Ujumbe huu humfikia bibi harusi kwa urahisi zaidi kupitia somo au kungwi kuliko kupitia bango la ukutani, na idara ya afya ya kaunti ingefanya vyema kuwafundisha wanawake hao wanaoaminiwa.

Katika vituo vingi vya umma mwanamke anayelalamika kutokwa na majimaji hutibiwa kwa kuangalia dalili tu, na asiye na dalili hapimwi. Utaratibu huo huwapa dawa wasiozihitaji na kuwapita wale ambao mirija yao inaharibika kimyakimya. Alama za Nugent zinahitaji kioo, rangi ya Gram, hadubini na fundi wa maabara aliyefunzwa, na mahali pake ni kituo cha afya cha Gede, jirani na Watamu, na hospitali ya Malindi, miaka mingi kabla ya mwanamke kufika kliniki ya utungisho.