Nani Anayepewa Sura? Usawiri wa Wahusika katika Filamu za Nyimbo za Meksiko

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali la usawiri wa wahusika mara nyingi hujibiwa kwa kuorodhesha sifa: fulani ni mkarimu, fulani ni katili. Ni nadra kuuliza ni nani aliyepewa nafasi ya kusimama mbele ya hadhira kama mhusika huyo. Historia ya filamu za nyimbo za Meksiko inadhihirisha uzito wa swali hili.

Enzi ya dhahabu ya filamu hizo ilipata msukumo mkubwa mwaka 1936, wakati Allá en el Rancho Grande, iliyoongozwa na Fernando de Fuentes, ilipovuma. Tangu hapo shujaa akawa mpanda farasi mwenye kofia pana anayeimba mapenzi yake katika shamba la mifugo. Huyo ndiye aliyegeuzwa kielelezo cha Mmeksiko. Wenyeji wa asili na watu wa asili ya Kiafrika walibaki pembeni. Toña la Negra, mzaliwa wa Veracruz, alikuwa na sauti iliyopendwa sana, lakini filamu zilimhitaji zaidi jukwaani akiimba kuliko ndani ya kisa chenyewe.

Mwaka 1948 Joselito Rodríguez alijaribu kuvunja kimya hicho katika Angelitos negros. Ana Luisa, mwalimu anayewadharau watu weusi, anaolewa na mwimbaji José Carlos. Anajifungua binti mweusi, anamkataa na kumlaumu mumewe. Hajui kwamba Mercé, yaya mweusi aliyemlea, ndiye mamake mzazi. Hiki ni kinaya kikali: anayemdharau kila siku ndiye aliyembeba tumboni.

Kimaudhui, filamu hii inakemea ubaguzi. Hata hivyo, hebu tazama fani. Rita Montaner, msanii wa Kuba aliyeigiza Mercé, alipakwa rangi ili aonekane mweusi zaidi. Mtoto aliigizwa na Titina Romay, bintiye mwongozaji, naye pia kapakwa. Hata Pedro Infante, aliyeigiza José Carlos, anapakwa rangi nyeusi usoni ili aimbe jukwaani. Filamu inawatetea watu weusi huku ikiwanyima nafasi ya kuonekana. Nyani haoni kundule.

Isitoshe, Infante huyo huyo aliigiza mwenyeji wa asili katika Tizoc (1957), akizungumza Kihispania cha kitoto, na akatuzwa Berlin baada ya kifo chake.

Je, kutoonekana huku kuna madhara? Vicente Guerrero, rais aliyepiga marufuku utumwa nchini humo mwaka 1829, alikuwa na asili ya Kiafrika. Lakini katiba haikuwatambua Wameksiko wa asili hiyo hadi mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikawahesabu kuwa 2,576,213. Filamu peke yake haikuwaficha. Ila ilisaidia kuyazoesha macho kutowaona.

Tusiitupe Angelitos negros kwa sababu hiyo. Mhakiki makini huisifu kazi kwa ilichothubutu kusema, kisha akaihoji kwa namna ilivyokisema. Mtahiniwa anayetaja dhamira pekee amefika nusu ya safari.

Zoezi: "Dhamira njema haitoshi." Jadili kauli hii kwa kurejelea usawiri wa mhusika yeyote wa tabaka la chini katika riwaya au tamthilia uliyoisoma. (alama 20)