Mafahali Wawili wa Uhabeshi

Wazee husema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi wa Nyasho, tulio wafugaji au jirani za wafugaji, tunayajua maneno hayo. Wakianza kupigana, ua huvunjika, ndama hukanyagwa, na kukipambazuka mwenye zizi huhesabu hasara kwa mshindi na kwa mshindwa pia. Mwezi huu nataka kuwasimulia habari za mafahali wa namna hiyo, yaani falme mbili zilizoshindana karibu miaka 300 katika nchi ya Ethiopia na kandokando yake, nchi ambayo watu wa pwani waliiita Uhabeshi.

Ufalme wa kwanza ulikuwa wa Wakristo. Injili ilipokewa na mfalme Ezana wa Aksum katika karne ya 4, kabla mataifa mengi ya Ulaya hayajaisikia. Mwaka wa 1270 Yekuno Amlak alikitwaa kiti cha enzi, na watu wa ukoo wake wakajiita uzao wa Sulemani na malkia wa Sheba. Makao yao yalikuwa milimani, penye nafaka na ng'ombe wengi. Ufalme wa pili ulikuwa wa Waislamu, nao ulikaa upande wa mashariki. Kwanza uliitwa Ifat, baadaye Adal. Masultani wake waliishika njia ya misafara iendayo Zeila, bandari ya Ghuba ya Aden. Nguo zilipanda milimani kwa njia ile. Dhahabu, pembe, na watumwa pia, vikateremka kwa njia ile ile.

Msomaji, lishike neno hili. Wengi wakisikia habari za vita hivi hudhani ya kuwa vilikuwa vita vya dini tu. Dini ilikuwamo, tena kwa nguvu. Walakini chini yake ilikuwamo njia ya Zeila na ushuru wake.

Kwanza fahali wa milimani alishinda. Mfalme Amda Seyon, aliyetawala tangu 1314 hata 1344, aliipiga Ifat mwaka wa 1332, akaitoza kodi. Hata mwanzo wa karne ya 15, sultani Sa'd ad-Din alifukuzwa mpaka kisiwa kilicho karibu na Zeila, akauawa huko. Wanawe wakakimbilia Yemen. Kisha wakarudi, wakausimamisha ufalme wa Adal. Mwaka wa 1445 mfalme Zara Yaqob alimwua sultani Badlay vitani. Wakristo wakadhani mambo yamekwisha. Lakini mtoto aliyezikwa babaye kwa namna hiyo hasahau.

Hata hivyo, katikati ya uadui ule watu waliendelea kuuziana na hata kuoana. Malkia Eleni alikuwa binti wa mtawala Mwislamu wa Hadiya. Akaolewa katika jumba la kifalme, akawa Mkristo mwenye elimu na busara. Lebna Dengel aliporithi ufalme mwaka wa 1508, angali mtoto, Eleni ndiye aliyeishika nchi. Yeye ndiye aliyetuma mjumbe kwa mfalme wa Ureno kutafuta urafiki. Mfalme yule alipokua, alijiona hana haja ya msaada wa mtu.

Ndipo akaondokea Adal mtu mmoja jina lake Ahmad bin Ibrahim, aliyeitwa Imamu, na Wahabeshi wakamwita Gragn, maana yake Mwenye Shoto. Mwaka wa 1529 alilishinda jeshi kubwa la Lebna Dengel mahali paitwapo Shimbra Kure. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi makanisa yalichomwa, vitabu vya ngozi vikateketea, watu wengi wakasilimu ili waokoke. Mfalme alitangatanga mlima kwa mlima, akafa mwaka wa 1540 huko Debre Damo, nyumba ya watawa iliyo juu ya jabali, ambayo mtu huipanda kwa kamba.

Sasa kila upande ukaita wageni. Mwaka wa 1541 Wareno 400 walikuja chini ya Cristóvão da Gama, mwana wa yule Vasco da Gama aliyefika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498. Imamu naye akapata kwa Waturuki wapiga bunduki na mizinga. Mwaka wa 1542 Cristóvão alikamatwa, akauawa. Imamu akawarudisha Waturuki wengi kwao, akidhani amekwisha kushinda. Tarehe 21 Februari 1543, huko Wayna Daga karibu na ziwa Tana, mfalme mpya Galawdewos alimwangukia. Imamu akapigwa risasi akafa, na jeshi lake likatawanyika.

Je, hapo vita vilikwisha? La. Bati del Wambara, mjane wa Imamu, aliolewa na Nur bin Mujahid, aliyetaka kulipa kisasi. Mwaka wa 1559 Nur alimwua Galawdewos vitani, na kichwa chake kikapelekwa Harar. Lakini ushindi ule haukumpa hata shamba moja. Nchi ilikuwa imechoka, njaa na tauni zikaingia Harar. Waoromo, wafugaji wenye nguvu kutoka kusini, wakaenea katika nchi za falme zote mbili, wala hakukuwa na jeshi la kuwazuia. Mwaka wa 1577 wakuu wa Adal waliuhamisha mji wao mkuu kwenda Aussa jangwani, na ufalme wao ukafifia. Ufalme wa Wakristo ulibaki, lakini umepungukiwa na nchi na watu.

Basi nani alishinda? Wafalme wanahesabiwa kwa majina. Mama aliyechomewa ghala hana jina katika kitabu chochote, wala hatujui alisali kwa namna gani. Sokoni kwetu Mkristo na Mwislamu hununua samaki kwa mvuvi mmoja, na mmoja akifiwa mwenzake huja kukaa naye matangani. Jambo hilo laonekana dogo kwa kuwa ni la kila siku. Wahabeshi na watu wa Adal walikuwa nalo pia, pale njiani Zeila, nao hawakujua thamani yake mpaka lilipokwisha.